Hatua Kumi na Nane za Pelagia

Jua la saa nne limefika kizingitini. Bi Batuli ameketi mkekani katika studio yake ya Gongoni, mjini Tabora, akipunguza picha kwa makasi mpaka zote zilingane. Anazishona upande mmoja kwa sindano ya magunia, kisha anaziachia zipite upesi chini ya kidole gumba. Bwana harusi aliyekuwa ametulia kwenye karatasi anageuka, anacheka.

"Watu wanaviita vitabu vya kidole," anasema. "Picha moja imelala. Zikifuatana, zinaamka."

Ana miaka arobaini na sita. Studio aliachiwa na mumewe, Yahaya, aliyefariki mwaka 1966. Siku moja alikuwa akipanga picha za ngoma, bunda likamponyoka vidoleni, akamwona mchezaji anazunguka. Tangu hapo hushona vitabu vitatu au vinne kwa mwezi, shilingi kumi kila kimoja.

Kimoja tu ndicho anachokiogopa.

Mwaka juzi, msimu wa tumbaku, alikwenda Urambo kuwapiga picha wakulima. Filamu ikabaki na nafasi kumi na nane. Akamwomba Pelagia, mke wa mkulima aitwaye Anselm, atembee kutoka kwenye bani la kukaushia tumbaku hadi mlangoni kwake. Bi Batuli akawa anapiga na kuvuta filamu, anapiga na kuvuta, bila kupumzika.

"Uani tulikuwa wawili tu," anakumbuka. "Katikati ya njia aliinama. Nilidhani anaokota kitu."

Siku ya nne Pelagia alikufa kwa homa, mumewe akiwa safarini. Msiba ulipopoa, Anselm alituma ujumbe kwamba atakuja kuchukua picha za marehemu. Bi Batuli akazishona, akazipitisha kwanza yeye mwenyewe.

"Zilikuwa zinaruka-ruka, lakini nilimwona. Anatembea, anasimama, anapiga magoti. Anapiga makofi taratibu na kuinamisha kichwa, kama Wanyamwezi wanavyomwamkia mkubwa. Halafu anasubiri. Halafu anacheka, kama mtu aliyejibiwa. Na mbele yake hapana mtu."

Alifikiria kuzichomoa picha hizo, ambakishie mgane yule mwendo mtupu. Makasi yalikuwa tayari mkononi. "Lakini si mimi niliyempigisha magoti," anasema. "Nikampa chote."

Anselm alikipitisha mara tatu.

"Hivi ndivyo alivyokuwa akimwamkia mama yake," akasema mwishowe. Mama huyo alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. "Nimekuwa nikijilaumu, Bi Batuli, kwamba nilimwacha peke yake."

Akaondoka nacho, uso umemtulia.

Mwezi uliopita alirudi, kitabu amekifunga kwenye kitambaa. Familia ilikuwa inahamia kijiji cha Ujamaa, nyumba ya zamani inaachwa. Shida ilikuwa bintiye, Paskazia, mwenye miaka minne, ambaye hakutaka kuondoka. Kila asubuhi alipiga magoti pale pale uani, akapiga makofi na kusema, "Mwangaluka, mayu." Ni maamkizi ya asubuhi ya Mnyamwezi kwa mama yake.

"Anaiga alichokiona kitabuni," Bi Batuli alimwambia.

"Hajakiona hata siku moja. Nimekifungia kwenye kasha, na ufunguo natembea nao. Njoo uzungumze naye, mama yangu. Mimi nimeshindwa."

Siku ya kuhama, Bi Batuli alikuwa Urambo. Vyombo vilikuwa vimeshapakiwa kwenye lori. Alimkuta mtoto amepiga magoti, akapiga magoti kando yake.

"Mama anakujibu nini?" akamuuliza.

"Anasema tangulieni."

Bi Batuli akamshika mtoto mkono. Paskazia akasimama, akajifuta magoti, akaenda mwenyewe hadi kwenye lori. Hakulia. Hakugeuka nyuma.

Kijijini, Bi Batuli alimpiga picha moja mbele ya nyumba mpya. Amepanga kurudi kila mwaka, kila baada ya mavuno, asimame umbali ule ule na kumpiga nyingine moja.

Ile ya kwanza iko ndani ya bahasha, ukutani. Hajaitazama tangu aisafishe.

"Zikitimia kumi nitazishona, nimpe Paskazia mwenyewe aziachie zipite," anasema. "Kama kuna mtu anatembea naye, yeye awe wa kwanza kumwona."