Nilivyomuua Mtu Aliye Hai

Jumanne nilikuwa kwenye bureau, yaani ofisi, ya redio moja hapa Butembo. Mama mmoja aliyetoka Beni aliingia, akaweka mezani picha ya mume wake.

"Mutangaze kama bwana yangu hayakufa," alisema. "Iko muzima. Tangu juzi batu banakuya kulia kwetu."

Mtangazaji, ambaye zamani alikuwa akiandika matangazo ya vifo asubuhi nzima, alifungua daftari ambalo sasa halina kitu. "Tutasoma, mama, lakini batu habasikilize tena redio. Ile habari ilitokea mu magrupu ya simu."

"Na nani aliituma?" Mama alitutazama mmoja mmoja.

Niliinamisha macho. Jumapili nilipokea picha ile ile, ikiwa na msalaba wa tanzia, nikaipeleka kwenye magrupu manne bila kumpigia mtu yeyote. Redio isingesoma tangazo la kifo bila barua ya familia.

"Hata mimi niliituma, mama," nilisema mwishowe.

Hakunitukana. "Basi tuma tena, useme iko muzima."

Nilituma palepale, mbele yake. Magrupu yaliyojaa vilio Jumapili yalinijibu kwa alama moja tu ya kidole gumba.

"Banasema nini?" mama aliuliza.

Niliona haya kumwonyesha.