Kuonja Kiboko

Harufu ya chokaa mbichi hunikasirisha mpaka leo. Juzi jirani alipaka ukuta wake, nami nikafunga madirisha yote, kisha nikarudi kuhakikisha kwamba nimeyafunga. Ndivyo nilivyo, siwafichi.

Nilikuwa darasa la tatu Madamu, mwalimu wetu, alipotupeleka kuona ngome ya Wabelgiji iliyojengwa upya kando ya ziwa, ukishapita bandari ya Kalundu. Kuta zilikuwa nyeupe mpaka macho yanauma, mzinga ulikuwa bomba la maji lililopakwa rangi nyeusi, na vijana wa mtaani kwetu walivalishwa kofia nyekundu na kaptula za askari wa zamani. Wageni kutoka Bujumbura walikuwa wakipiga picha.

Askari mmoja alitukusanya uwanjani, akauliza, "Nani iko nataka kuonja kiboko?"

Msinicheke. Wiki ile kiboko alikuwa ameuawa karibu na bandari, nyama ikagawanywa mitaani, na sisi hatukupata hata kipande. Tena sikuwahi kukubali mtoto mwingine anitangulie kuinua kidole.

Akaniambia nilale kifudifudi. Nikalala, nikanyoosha miguu, nikavuta sketi ifunike magoti, maana nilitaka kufanya sawasawa. Ndipo nikauona mjeledi wa ngozi ya kiboko mkononi mwake. Ulitua mchangani kando yangu, haukunigusa, huku Madamu akiwaongoza wenzangu kuhesabu mapigo kwa Kifaransa kama vile ni somo. Vumbi la chokaa likaniingia puani. Nilipoambiwa nisimame, nilimtazama yule askari nikasema, "Aksanti."

Wageni walicheka sana. Mmoja akaomba nirudie, picha yake haikutoka vizuri. Nikarudia.

Jioni nilimsimulia mama akiwa anapepeta mchele. Nilitegemea acheke.

"Na weye ukasema nini?"

"Nilisema aksanti, Mama."

Akaweka ungo chini. "Hiyo aksanti nilikufundisha miye," akasema, akauchukua tena ungo.

Nilikuwa mtu mzima aliponieleza. Babu yake alilazwa hivyo na Wabelgiji, akachapwa mbele ya watoto wake, kule bonde la Ruzizi, kwa kuchelewa kupalilia pamba, na alipoinuka alilazimishwa kupiga saluti na kushukuru. Mama alinifundisha neno lile kwa ajili ya sahani ya ugali, kwa ajili ya shangazi aliyetuletea ndizi. Wale wa ngome walilifanya kichekesho. Na Madamu, aliyetufundisha historia, aliwapigia makofi. Sijamsamehe.

Ngome bado iko, na kila mwaka inapakwa chokaa upya. Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alikuja mbio: darasa lao litaenda kule, na kaambiwa wataonja kiboko. Akataka kujua kama ni kitamu. Nilimkalisha nikamweleza yote, hata ile sketi.

Akauliza, sasa wakimwita aseme nini.

"Apana," nikamwambia. Tukalirudia neno hilo mpaka likamtoka vizuri.