Mstari wa Atieno

Juzi tulikuwa tunasoma Nehemia nyumbani kwa Mama Awino, hapa Otonglo. Sisi husoma kwa zamu, kila mtu mstari mmoja. Nakiri kwamba huwa sisikilizi wenzangu. Nahesabu vichwa nijue mstari wangu, kisha nafanyia mazoezi yale majina magumu kimoyomoyo. Zamani Atieno aliketi kando yangu akininong'onezea, lakini Januari alivuka na feri kwenda kufundisha Mbita. Wakiniuliza, nasema sina neno, kazi ni kazi.

Zamu yangu ikafika. Nikasoma majina yote bila kukwama, nikainua kichwa nisubiri amina.

"Bwana Ouma, umeruka mstari wa nane," Mama Awino akasema.

"Sijaruka! Huo ni wa Atieno," nikajibu kwa ukali, na wote wakageuka kukitazama kiti kitupu kando yangu.