Jibu Ambalo Mtani Wangu Hakulitoa

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nimeng'ang'ania ukuta wa mwamba kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, kule nyuma ya Tegeta, siwezi kupanda wala kushuka. Chini alisimama Shija, ameishika kamba yangu. Shija alikuwa Msukuma aliyekulia kwenye majabali ya Mwanza, kupanda miamba kwake ni mchezo. Mimi Mzaramo wa Temeke nilijua minazi tu, yeye ndiye aliyekuwa akinipeleka kule Jumapili. Tulikutana tukiuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mama Tausi, palepale Tegeta, na kwa kuwa makabila yetu ni watani, siku nzima tulikuwa tunataniana mbele ya wateja.

Siku ile nililia. Nikajikojolea pia, nakuambia kwa aibu na uzee wangu huu. Shija hakucheka. Aliniita taratibu, "Mtani, nipo. Shusha mguu wa kushoto. Nipo." Nilipofika chini akanipa shati lake nijifunge kiunoni, tukarudi tukiongea habari za mpira.

Baadaye ikawa zamu yake. Jiwe lilimchomoka mkononi, akaning'inia kwenye kamba niliyoishika mimi, akamlilia mama yake kwa Kisukuma, "Mayu! Mayu!" Nilimshusha. Akasema, "Hii ibaki hukuhuku, mtani." Nikamwambia imebaki.

Haikubaki. Jumamosi iliyofuata duka limejaa mafundi, Shija akanitania kwamba Wazaramo tunauza shamba ili tukacheze ngoma. Watu wakacheka. Nikatafuta la kumrudishia, nikalitoa lilelile la kumlilia mama, tena nikaigiza na sauti yake, "Mayu! Mayu!" Mafundi wakavunjika mbavu. Kisha wote wakamgeukia Shija, maana mtani lazima ajibu, na jibu alikuwa nalo. Neno moja tu kuhusu suruali yangu lingenimaliza Tegeta nzima. Aliniangalia kidogo. Akasema, "Kweli, nililia," akaendelea kupima misumari.

Mama Tausi aliniita stoo. "We mtoto, utani ni wa yale tunayoyajua wote. Lile alikupa wewe tu."

"Lakini mama, mtani hakasirikagi."

"Ndiyo maana umemwonea. Umemsema mahali ambapo hawezi kukasirika."

Sikuomba radhi. Nilisubiri anune ili nimtanie tena yaishe, naye hakununa. Jumapili zake zikajaa shughuli, kisha akahamia duka jingine Kimara.

Mwaka huu nimemkuta msibani, kazeeka kama mimi. Nikamrukia, "We Msukuma, bado hujafa?" Waliokuwa karibu wakangoja kucheka. Shija akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa heshima zote, akasema, "Habari za siku nyingi, mzee wangu." Hakuniita mtani. Nilikaa kwenye mkeka nikiangalia chini, na mpaka leo nikikumbuka ile heshima uso unaniwaka.

Mwanangu, taniana na wenzako, ni raha ya dunia. Ila mtu akikuonyesha udhaifu wake mkiwa wawili, huo si wako wa kuchekeshea watu. Na ukiteleza, nenda siku ileile, kwa dhati bila mzaha, useme nimekukosea. Mimi kesho napanda gari la Kimara kwa Shija, sijui kama atanisikiliza.

Mungu akujalie rafiki wa kukushikia kamba, na akuzuie ulimi usije ukamwachia kamba yake.