Siku Shangazi Spesioza Aliposhuka Mlima wa Theluji

Enzi zetu, sisi tuliofika Buffalo, huku Marekani, tukiwa bado tunang'oka meno ya utoto, theluji ilikuwa kazi ya nyumbani kama kuchota maji. Ukiamka unapewa beleshi, unashuka ngazi na usingizi wako, unachimba njia mpaka barabarani ili Baba atoe gari aende kiwandani. Hakuna aliyekuuliza unajisikiaje. Siku hizi wanangu wakiona theluji dirishani wanauliza kwanza kama shule imefungwa, halafu wanajifunika tena.

Mtakumbuka wenyewe yale makoti ya kupewa kanisani, mikono imepita vidole, yananuka nyumba ya mtu mwingine. Mtakumbuka mifuko ya plastiki tuliyovaa ndani ya buti ili soksi zisilowe, na jinsi ilivyokuwa ikilia chwa, chwa, chwa darasani mpaka mwalimu anageuka. Sisi tulikaa ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao huko North Buffalo. Bomba la kupasha joto lilikuwa likigonga kama mgeni anayebisha hodi, na mwaka wa kwanza Mama alikuwa akiitikia, "Karibu!" kabla hajakumbuka. Jumamosi tulikwenda Grant Street kununua dagaa, unga na mawese, na tukirudi nyumba nzima inanukia Kigoma.

Kigoma ndiko nilikozaliwa, kwenye kambi ya wakimbizi. Huko tulikuwa na mteremko mmoja nyuma ya zahanati, udongo mwekundu, na mvua ikinyesha unakuwa laini kama sabuni. Tulikata madumu ya mafuta katikati, tunakalia, tunateleza hadi chini, tunarudi nyumbani tumekuwa wekundu kichwa mpaka miguu, tunachapwa, kesho tunarudi. Kwa hiyo Baba aliposema tunakwenda likizo mahali ambapo watu wanateleza mlimani kwa raha zao, mimi niliona hakuna jipya. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilijiona fundi.

Likizo yenyewe ilikuja hivi. Mzee mmoja aliyefanya kazi na Baba kiwandani alikuwa na nyumba ndogo milimani, kusini mwa jiji, karibu na kituo cha kuteleza. Alimwambia Baba achukue funguo siku tatu za mapumziko ya Februari, apeleke familia. Baba alikubali kabla hajauliza watu wanafanya nini huko. Kisha akapiga simu Columbus kwa mdogo wake, Baba Mdogo Elia, na Louisville kwa dada yao mkubwa, Shangazi Spesioza. Tangu tulipoagana uwanja wa ndege, kila mmoja na mfuko wake mweupe wa makaratasi ya ukimbizi, hatukuwa tumelala wote chini ya paa moja.

Ila Baba hakuwa anatafuta mapumziko. Shangazi alikuwa ametangaza kwamba anarudi Tanzania.

Lazima niwaeleze alikuwa nani. Baba yangu alipokuwa na miaka miwili, familia ilipokimbia Burundi, bibi yangu alikuwa na mimba ya Elia na mzigo kichwani. Aliyembeba Baba mgongoni siku zote zile, porini na mtoni, alikuwa Spesioza, na yeye mwenyewe alikuwa na miaka kumi. Alikulia ukimbizini akibeba: maji, kuni, wadogo zake, wagonjwa wa majirani, baadaye sisi. Hakupata mtoto wa kuzaa, lakini kambini hakuna mtoto asiyejua harufu ya kitenge chake. Halafu akaletwa Louisville, akapewa kazi ya kukunja maboksi kwenye ghala, na jioni anarudi kwenye chumba kimya. Majira ya baridi alikuwa hatoki kabisa isipokuwa kazini na misani. Hata ngazi zile zinazojiendesha zenyewe madukani alizikataa, alizunguka kutafuta ngazi za kawaida. "Nikifika Machi narudi," alimwambia Baba kwenye simu. Kambi ilikuwa inafungwa, na shamba hakuwa nalo popote. Baba alimwuliza atarudi wapi. Alijibu, "Simeoni, hapa hakuna anayenihitaji."

Walifika kwa gari la Baba Mdogo, ambaye alikuwa ameendesha Columbus mpaka Louisville kumchukua, kisha safari yote mpaka kule milimani, na binti yake Furaha, rika langu, amelala mdomo wazi kiti cha nyuma. Shangazi alishuka na sufuria yake, mwiko wake, na unga wake, kana kwamba milimani hakuna jiko. Tulikuwa saba kwenye vyumba viwili. Mama alipokaanga dagaa, king'ora cha moshi kililia mpaka jirani akaja na kizimamoto mkononi. Baba alimpa sahani. Alikula amesimama, akaomba aongezewe.

Baada ya chakula wakubwa wakaanza mazungumzo yao. Sisi watoto tulijifanya tunacheza.

"Wifi, subiri hata kiangazi," Mama alisema.

"Kiangazi cha nini? Hata kiangazi maboksi ni yale yale."

"Sisi je, dada?" Baba aliuliza.

"Ninyi mmekua," alijibu, na akaanza kuosha vyombo.

Asubuhi tukaenda mlimani. Jamani, sijawahi kuona weupe wa namna ile. Jijini theluji inachafuka kabla ya saa sita. Kule ilikuwa imetandikwa kama shuka la hospitali, miti imesimama myeusi pembeni, na watu wenye makoti ya rangi zote wanashuka wakichora mistari. Nilisimama nikasahau kufunga mdomo. Tulipewa buti ngumu kama saruji na mbao mbili ndefu za kuvaa chini yake. Baba, mtu ambaye hajawahi kukosa zamu, alivaa zake, akasimama, akaanza kurudi nyuma taratibu bila kutaka, anatutazama usoni kwa heshima zote, mpaka akaingia kwenye uzio. Mama alicheka akakaa chini. Shangazi alikuwa amebaki ndani, kwenye ukumbi wa chai, amevaa suruali mbili na kitenge juu yake, anatutazama kupitia kioo. Alisema yeye hawezi kulipia kuanguka.

Tulifundishwa kwenye kilima kidogo cha wanaoanza, mimi, Furaha na mdogo wangu Daudi, aliyekuwa na miaka mitano na kofia ya manjano. Baada ya saa moja nikaona tumeshaiva. Kulikuwa na kundi la watoto wenye vizibao vyekundu wanapanga mstari kwenye viti vinavyoning'inia kwenye waya. Nikamshika Daudi mkono, Furaha nyuma yetu, tukafuata. Aliyekuwa anawapandisha alidhani sisi ni wenzao. Kiti kilitugonga magotini, tukakaa, na ardhi ikaondoka.

Nilijua kosa langu kabla hatujafika nusu. Chini watu walikuwa wadogo kama mbegu. Juu kulikuwa na ukungu, na upepo uliokuwa ukivuma kana kwamba una hasira na mtu. Kule kileleni tuliangukiana wote watatu kwenye rundo moja. Watoto wa vizibao vyekundu walijikung'uta, wakaruka ukingoni mmoja baada ya mwingine, wakapotea. Nilisogea nikachungulia. Haukuwa mteremko wa nyuma ya zahanati. Daudi alianza kulia, glavu yake moja imedondoka njiani, na Furaha alikuwa akirudia kwa Kiingereza kwamba tutafia hapa. Kijana wa kwenye kibanda cha juu alituambia tusisogee, akazungumza kwenye redio yake. Nikaweka mkono wa Daudi kwapani mwangu. Sikulia, lakini ni kwa kumwogopa Baba, si ushujaa.

Yaliyotokea chini tulisimuliwa na Mama, na kila mwaka anaongeza kidogo. Shangazi aliona kofia ya manjano ikipanda angani. Aliacha chai, akatoka hivyo hivyo na kitenge chake, akaenda moja kwa moja kwenye viti. Yule wa kupandisha watu alitikisa kichwa: bila mbao za kutelezea hapandi mtu. Shangazi akaonyesha juu, akasema kwa Kiswahili, "Watoto wangu." Yule akaeleza tena kwa upole. Baba na Baba Mdogo walikuwa wanakuja mbio, lakini kwa buti zile mbio zao zilikuwa kama za mtu aliyefungwa matofali. Kabla hawajafika, Shangazi alikwishakaa kwenye kiti. Yule mtu alisimamisha mtambo. Alimtazama. Akapiga simu juu, kisha akamshushia mwenyewe ule ufito wa kujishikilia, akawasha.

Mimi nilimwona akitokea kwenye ukungu. Mwanamke aliyekataa ngazi za dukani, amekaa peke yake angani, macho ameyafumba, midomo inasali, kitenge kinapepea. Kiti kilipofika kilisimamishwa, akashushwa, akafungua macho. Hakutugombeza. Alitushika vichwa mmoja mmoja kama anayehesabu, akavua glavu zake akamvisha Daudi.

Mama mmoja wa kikosi cha uokoaji alikwishafika, koti jekundu, anakokota machela yenye umbo la mtumbwi. Alituonyesha kwamba tutaingia humo wote, atatushusha. Mimi na Furaha tuliingia haraka. Daudi alimkumbatia Shangazi mguu akapiga kelele za kupasua masikio. Shangazi aliitazama ile machela, akautazama mteremko.

"Mwambie asante," aliniambia. "Mwambie huyu nitakwenda naye mimi."

"Shangazi, amesema huwezi. Ni mbali, kuna barafu."

"Amesema mimi siwezi?"

Akainama. Daudi alipanda mgongoni bila kuambiwa. Kitenge kikazungushwa, kikavutwa, kikafungwa kifuani, mafundo mawili. Kisha akaanza kushuka pembeni, karibu na miti, anakanyaga kwa kisigino kwanza, anakata mlima kwenda kulia, anageuka, anakata kwenda kushoto, jinsi wanavyoshuka watu waliozaliwa kwenye vilima. Yule mwokoaji alibishana kidogo na redio yake, halafu akaamua kwenda naye, anaishikilia machela yetu taratibu, hatua kwa hatua. Tulichukua muda mrefu sana. Mahali pamoja Shangazi aliteleza, akakaa chini kwa kishindo. Alikaa pale akihema. Akapeleka mkono nyuma akampapasa Daudi. Akainuka. Akaanza kuimba kwa sauti ndogo wimbo wa kanisani, na Daudi akalala. Nawaambia ukweli, mtoto alilala.

Waliokuwa wakiteleza walianza kupunguza mwendo. Wengine walisimama kabisa na kuvua miwani. Tulipokaribia chini kulikuwa na watu wamejipanga pande mbili kama harusini, na mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wakaitikia wote. Shangazi hakuwatazama. Alikuwa anamtazama Baba, aliyesimama mbele yao buti moja mguuni, nyingine mkononi, machozi yanamtiririka mbele ya watu wote wale.

"Dada," Baba alisema, "ndivyo ulivyonibeba mimi?"

Shangazi alifungua kitenge, akamkabidhi Daudi.

"Wewe ulikuwa mzito zaidi. Na hukulala."

Baba Mdogo ndiye aliyeanza kucheka, kisha tukacheka wote tukiwa tunalia. Adhabu yangu niliipata, msidhani nilisahauliwa, lakini hiyo tuiache.

Alasiri yule mwokoaji alikuja ukumbini kumshika Shangazi mkono. Aliuliza anafanya kazi gani. Baba akatafsiri kwamba anakunja maboksi. Yule mama akasema hiyo ni hasara. Kwenye gari tukirudi Shangazi alimgeukia Furaha. "Mwanangu, wewe unayejua Kiingereza. Wale wanaowainua wazee vitandani, wanaowaogesha, wanasomea wapi?"

Machi ilifika ikapita. Shangazi alisomea ile kazi jioni, Furaha akimsomea maswali kwa simu kutoka Columbus na kumtafsiria. Alishindwa mtihani mara moja, akarudia, akafaulu. Amewabeba wazee wa Louisville miaka mingi mpaka magoti yakamwambia basi. Kuna familia huko hadi leo zinamwita Mama.

Majira ya baridi yaliyopita tulirudi mlima ule. Siku hizi kukutana ni kazi: kundi la ujumbe wa simu, kalenda za watu kumi, huyu ana zamu, yule mtoto ana mashindano. Tulikuja na magari manne, kila familia na chumba chake na bafu lake, na chakula tuliagiza kwa simu, king'ora hakikulia. Enzi zile tulikuwa tunagombania blanketi, miguu ya mtu usoni mwako, na asubuhi ukiamka unasikia kila mtu anavyopumua. Wanangu wana makoti yenye saizi yao. Wanateleza kama ndege, kwa kweli ninawaonea fahari. Wanafika chini kabla sijamaliza kuwaombea. Halafu wanatoa simu kutazama walivyopendeza.

Binti yangu wa miaka saba alimkuta Shangazi amekaa ukumbini, mkongojo kando. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Bibi, kweli wewe ulitembea kutoka juu mpaka chini?"

"Nilitembea."

"Uliogopa?"

Shangazi aliutazama mlima kupitia kioo, mpaka kule juu kwenye ukungu.

"Kupanda niliogopa sana," alisema. "Kushuka nilikuwa na mtoto."