Kitambaa cha Mama Watoto

Kabati lilikuja ndani ya boksi, mbao tupu na kifuko cha skrubu. Mke ndiye aliyelitaka, na sasa alikuwa amelimwaga lote sakafuni chumbani, karatasi ya maelekezo mkononi, anaita, "Baba watoto, njoo basi. Au mpaka nikutumie mjumbe?"

Kinyozi akaja akijikokota. Mtaa mzima ulimwita Mkono Mwepesi, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alikuwa akinyoa vichanga waliolala fofofo, wakaamka vichwa vinang'aa. Lakini tangu mvua zilizopita mkono wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Akajifunza kuubana mbavuni, akajifunza kuegemeza kiwiko kwenye kiti cha mteja, na mbele za watu akawa hanywi chai ila kikombe kikijazwa nusu tu, isimwagike. Hakumwambia mtu. Kinyozi anayetetemeka, nani atampa shingo yake? Na kazi nyingine hakuijua, wala hakuitaka.

"Mimi nashika, wewe kaza," mkewe akasema, akaukumbatia ubao wa ubavuni.

Skrubu ya kwanza ikamponyoka, ikabingirika hadi uvunguni. Ya pili nayo ikaifuata.

"Skrubu gani hizi, zimetengenezwa na walevi," akanung'unika.

Mkewe, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, siku hiyo hakusema kitu. Alizitoa uvunguni akamwekea kiganjani, moja moja. Kimya kile kilimkera kinyozi kuliko matusi. Bisibisi ikateleza, ikachubua mbao mpya.

"Lete nijaribu mimi."

"Niache. Kwani nimekatika mkono?"

Mkewe akainama kushikilia ubao wa chini. Kitambaa alichojifunga kichwani miezi yote hii, akisingizia baridi, kikanasa kwenye kona ya mbao, kikamvuka.

Sasa sikilizeni. Tangu waoane, kila Jumamosi ni yeye aliyempunguza nywele mkewe, pale jikoni, juu ya kigoda. Kisha mke akasema anataka kuzifuga, na kinyozi wa watu akashukuru moyoni, maana aliona kaponea chupuchupu. Kumbe nywele zilikuwa fupi, zimekatwa juzi tu. Mstari wa kisogoni ulinyooka, pembe zimezungushwa kidogo. Mkono ule aliujua. Ulikuwa wa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

Akakaa chini, bisibisi mapajani.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipomkata mjomba sikio, ukasema kajitikisa."

"Ukaniogopa mimi?"

"Wembe, baba watoto. Niliuogopa wembe."

Akalikumbuka benchi la wateja kibandani kwake, lilivyokaa tupu wiki zote hizi, naye akiilaumu mvua. Roho ilimuuma. Alitamani mkewe amkaripie, amtukane hata, lakini mke alikuwa analia kimyakimya huku bado ameshika ubao.

"Amekunyoa vizuri," akasema hatimaye.

Mkewe akaichukua ile bisibisi, naye hakumzuia. Wakabadilishana nafasi. Ubao ukawa unatetemeka mikononi mwa mume, na mke akawa anasubiri utulie, anakaza, anasubiri tena, mpaka kabati likasimama.

Kitu cha kwanza kuingia humo hakikuwa nguo. Kinyozi alikwenda kibandani, akarudi na mkoba wake wa kazi, mashine na nyembe zote ndani, akaupandisha kwenye rafu ya juu kabisa, kwa mikono miwili.