Mkataba kwa Jina la Shemeji

Picha ya jirani yangu imetundikwa ukutani katika ofisi ileile iliyomwambia kwamba hana ushahidi wa kuishi mtaa huu. Amevaa kitenge cha njano, ameinua mkono. Chini yake pameandikwa kuwa mtaa mpya ni wa familia zilizokuwapo.

Nilikuwapo ilipopigwa. Tuliitwa kwenye ukumbi wa shule hapa mtaani kwetu, Vickery Meadow, tukaelezwa kwamba majengo chakavu yatabomolewa, yajengwe mapya, na safari hii watu weusi na wakimbizi hawatafukuzwa kama ilivyotokea mitaa mingine. Wapangaji wa zamani watatangulizwa kwenye orodha ya nyumba mpya. Tulipiga makofi, na mimi pia. Jirani aliinua mkono kuuliza watoto watachezea wapi, ndipo mpiga picha akamwona.

Ni mjane kutoka Burundi, ana watoto wanne, anasafisha vyumba hotelini. Miaka tisa iliyopita alipokelewa na shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa ametangulia kufika. Kwetu anayetangulia ndiye anayeandikwa. Mgeni hawezi kumwambia mwenyeji wake, "Niandike na mimi". Ni kama kusema humwamini. Baadaye shemeji alihamia Houston, lakini mkataba wa nyumba ukabaki wake. Kila mwaka anausaini kwa simu. Bili ya umeme nayo ni yake.

Jumatatu nilimpeleka jirani ofisini, kwa kuwa gari ninalo mimi, na Kiingereza pia. Tulibeba mfuko mzima wa karatasi. Barua za shule zinasema "kwa mzazi", bila jina. Hati za mshahara zina sanduku la posta, maana barua zetu huibwa. Barua ya padri, karani aliisoma hadi mwisho, kwa heshima, akairudisha.

"Lakini si huyu hapa?" nikasema, nikionyesha ukutani.

Karani, dada mweusi mwenye sauti ya upole, aligeuka, akatazama. "Namwona. Ila picha haina anwani."

"Anasemaje?" jirani akaniuliza. Nikamweleza.

"Mwambie akawaulize mende wa jikoni. Wao wananifahamu vizuri."

Hilo sikulitafsiri. Karani akasema iliyobaki ni njia moja: mwenye mkataba aandike barua, igongwe muhuri, kwamba jirani ameishi humo muda wote. Tulimpigia shemeji yake tukiwa ndani ya gari.

"Shemeji, unataka nijitafutie kesi?" akasema. "Mkataba unasema nakaa peke yangu. Na mwaka huu ndio naomba uraia!"

"Na watoto wa kaka yako wakalale wapi?" jirani akamuuliza.

"Njooni Houston."

"Houston! Binti kabakiza mwaka mmoja amalize shule, wewe unasema Houston kama unasema jikoni."

"Basi, nitafikiria."

Siwezi kumlaumu, na hilo ndilo linalonichosha. Waliopanga mtaa huu walifikiria miti, taa, hata rangi ya milango. Hakuna aliyeuliza watu wanaishije humu ndani, nani kamkaribisha nani. Jibu lingepatikana kwa kugonga mlango mmoja tu.

Orodha inafungwa kesho, Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Shemeji amesoma ujumbe wetu wote. Hajajibu hata mmoja.